Pua ya Godi

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mtoto wa mdogo wangu. Ana miezi minane, na mafua yalikuwa yamemziba pua kabisa. Anashika ziwa, ananyonya mara mbili, anaachia, analia kwa hasira, maana hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Mke wa mdogo wangu akatoa kwenye boksi kidude cha betri chenye ncha ya mpira, akakiwasha, kikavuma, akamwekea mtoto puani. Kamasi zikavutwa zikaingia kwenye kikombe cha plastiki. Mtoto akanyamaza, akarudi kwenye ziwa. Mdogo wangu, siku hizi mwanamume mzima mwenye kitambi, akacheka akaniuliza, "Hivi dada, zamani sisi walitufanyaje?" Nikamjibu kwamba sikumbuki. Nilimdanganya, na haikuwa mara ya kwanza kwangu kuharibu jambo kwa kufunga mdomo.

Tulikuwa tukikaa Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma. Leo pale pamesimama ghorofa na chini wanauza makava ya simu. Baba alikuwa karani katika shirika moja la umma. Shirika lilipopunguza watu, naye akapunguzwa, akarudi Moshi kukaa kihambani, shamba la ukoo, na migomba yake, akisema mambo yakitengemaa atatuita. Hakutuita. Mama naye hakungoja kuitwa. Alikuwa na mimi, mtoto wa miaka tisa, na mdogo wangu huyuhuyu, Godi, ambaye ndiyo kwanza amezaliwa, na jina lake kamili ni Godlisten, kama ilivyo desturi yetu Wachaga kumpa mtoto jina ambalo lazima mwalimu aliulize mara mbili.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Muda si mrefu nyuma tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni tangu asubuhi na kurudi mikono mitupu, na sasa ghafla kila kibaraza kilikuwa duka. Viatu, redio, poda, peremende za rangi zote zilimwagwa mpaka barabarani, na wasukuma mikokoteni walikuwa wakitukana watu ili wapate njia. Mama alianza na meza ya nguo za watoto. Meza ikazaa fremu ndogo ya duka, na fremu ikataka mzigo, na mzigo uko Dubai. Akajiunga na wanawake wenzake waliokuwa wakipanda ndege kuufuata. Wakubwa wote waliona hayo ni maendeleo. Mimi niliona tu kwamba mama yangu ana begi kubwa la bluu na kwamba likitolewa juu ya kabati, basi kesho yake hayupo.

Katika chumba kilichotazamana na chetu alikaa Bi Tatu. Alikuwa Mzaramo, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Mume wake alishakufa, na mtoto hakujaliwa. Katika nyumba ile ambayo kila mwanamke alikuwa Mama Fulani, yeye peke yake aliitwa kwa jina lake. Nilidhani ni cheo. Niliamini kabisa kwamba wengine wamenyang'anywa majina yao na watoto, na Bi Tatu kwa ujanja wake amelinusuru lake. Asubuhi alichoma vitumbua mbele ya nyumba, na wachukuzi na wenye maduka walikuwa wakimzunguka na sahani zao tangu jua halijapanda. Vikiisha, alizima moto, akanawa, akaja kumchukua Godi.

Hakuna aliyemwajiri. Mama alipokwenda safari ya kwanza, Godi akiwa na miezi sita, Bi Tatu alimwambia tu, "Mama Aika, mtoto bado mchanga huyu." Mama akajibu kwamba maziwa ya kopo yapo, siku hizi yamejaa madukani. Bi Tatu akatikisa kichwa, akasema, "Basi niachie." Akaachiwa. Tulihamia chumbani kwake mimi na Godi kwa siku zile kumi, na mama aliporudi alimletea kitambaa cha dira na jozi ya ndara za ngozi. Ndara hakuzivaa hata siku moja, alisema zinateleza.

Safari ya pili ilipokaribia nilishikwa na mafua. Bi Tatu alikuwa na dawa moja kwa mafua ya mtu anayejiweza: sufuria. Alichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai na maganda ya ndimu, akaiweka sufuria chini, akaniketisha kwenye kigoda, akanifunika blanketi zito mimi na sufuria pamoja. Mle ndani kulikuwa giza na moto, jasho linatiririka mpaka kwenye kope, macho yanawasha, na pua, baada ya kukaa siku nzima kama imeshindiliwa pamba, inafunguka tundu moja kwa mlio mdogo, halafu la pili. Ukijaribu kutoa kichwa unapigwa kofi kwa juu. Lakini kitu nilichokipenda kuliko pua kufunguka ni kwamba watu wazima wanakusahau. Ukishafunikwa blanketi, kwao umetoka nje ya nyumba. Wanaendelea na mazungumzo yao kama vile masikio nayo yanafukizwa.

Ndivyo nilivyomsikia mama siku ile, amekaa uani na mwenzake wa Dubai, anasukwa nywele. Mwenzake alimuuliza anawezaje kusafiri na mtoto mdogo hivi. Mama akasema, "Bila Bi Tatu, mwenzangu, nisingefika hata hapo Zanzibar. Ningewaacha na nani?"

Nililia chini ya blanketi, na hakuna aliyejua, maana huko chini kila mtu uso umelowa. Nililiona jambo zima kwa uwazi ambao sijawahi kuupata tena maishani. Kumbe si Dubai iliyokuwa ikimchukua mama yangu. Kumbe ni Bi Tatu. Yeye ndiye mlango aliokuwa akitokea. Mlango ukifungwa, mama atakaa. Mtoto wa miaka tisa akishapata hesabu yake ikatoka sawa, hakuna wa kumwambia kwamba alianza na namba mbovu.

Safari ya tatu Godi ndiye aliyepata mafua, na mimi ndiye niliyemwambukiza, maana yangu yalikuwa yamenirudia. Alikuwa na miezi minane. Mtoto wa umri huo hajui kupenga, na huwezi kumfunika na sufuria ya moto, ukimfunika utamuunguza. Kamasi zilikauka zikaweka gome, na nyuma ya gome nyingine zinakwama na kukoroma. Chupa aliisukuma. Akilala chali anashtuka amekosa pumzi. Bi Tatu alimbeba mpaka zahanati, na mimi nikafuata nyuma nimeshika kanga yake, na nilimsikia daktari kwa masikio yangu akisema kifua ni kizima, hayo ni mafua tu, kazi ni kumweka pua wazi ili ale. "Kama wanavyofanya kina mama wote," alisema. Bi Tatu akatazama chini, akaitika.

Basi akafanya kama kina mama wote. Alifunga mlango ili upepo usimpige mtoto. Alimlaza kichwa mkononi, akamtonesha maji ya vuguvugu yenye chumvi, akasubiri, akiimba kitu kisicho na maneno. Halafu aliinama, akaweka kinywa chake juu ya pua ya Godi, akavuta. Sauti ya kule kuvuta ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayemalizia uji. Aliinuka akatema kwenye kopo la majivu nililomshikia, akafukia kwa majivu mengine, akasukutua, akainama tena. Mara ya tatu Godi alivuta pumzi ndefu kwa pua, akashangaa, akatabasamu. Nikasema, "Bi Tatu, huoni kinyaa?" Akanitazama kama nimemuuliza swali la kipumbavu kupita kiasi. "Kinyaa cha nini? Cha mtoto?" Alimpa chupa. Godi akamaliza yote, akalala kifuani kwake na mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama mtu mwenye heshima zake. Hivyo ndivyo ilivyokwenda siku tano, mara nne, mara tano kwa siku.

"Maziwa ya mama ndiyo dawa ya kutonesha," aliniambia siku moja, "lakini ndiyo hivyo, mama hayupo, tutafanyaje." Hakusema kwa ubaya. Mimi nililisikia neno hilo kwa ubaya, nikaliweka moyoni.

Mama alirudi siku ya sita. Mafua yalikuwa yameondoka na kumwacha Godi amesawijika, shingo imekuwa nyembamba. Mama alinukia ndege na manukato mageni. Alitupa mabegi, akanyoosha mikono, akamchukua Godi kutoka kwa Bi Tatu. Godi akamtazama usoni, akapiga ukelele, akageuka na mwili wake wote kumtaka Bi Tatu. Mama akacheka. Akambembeleza. Godi akazidi kulia, akampiga kifuani. Bi Tatu alisema, "Atazoea, mama, mtoto husahau haraka," na kwa kutaka kusaidia akanyoosha mkono, na Godi akanyamaza palepale. Mke wa mwenye nyumba, Mama Sele, alikuwa mlangoni anachambua mchele. Aliguna tu. Mguno wa Mama Sele ulitosha kuvunja ndoa.

Usiku ule tulikuwa chumbani kwetu, mama anafungua mizigo. Alinipa gauni la njano lenye mkanda. Nilikuwa na furaha ya kupasuka, kisha nikaliona begi la bluu tupu, limekaa kitandani na mdomo wazi. Nikamuuliza atakwenda tena lini. Akasema baada ya mwezi, Mungu akipenda. Halafu akauliza, bila kunitazama, mbona Godi amekonda hivi.

Nimekwisha jaribu mara nyingi kujisaidia kwa kusema kwamba nilikuwa mtoto. Haisaidii. Mtoto naye ana akili ya kuchagua. Nilimwambia mama yangu kwamba Bi Tatu alikuwa akimchukua Godi chumbani na kufunga mlango. Nilimwambia alikuwa anaweka mdomo puani mwa Godi na kumnyonya. Nilimwambia kila siku, mara nyingi. Nilimwambia akimaliza anatema kwenye majivu na kufukia. Hakuna neno moja la uongo humo. Mafua tu ndiyo sikuyataja, wala zahanati, wala chupa zile zilizonywewa mpaka mwisho. Uongo unaoundwa kwa ukweli mtupu ni mgumu kuliko uongo mwingine wote, maana hauna pa kushika uuvunje.

Mama aliacha kufungua mizigo. Alikuwa Mlutheri wa kwaya, na angekuwa mtu wa kwanza kukuambia haamini mambo hayo ya uchawi. Nafikiri hata siku ile hakuyaamini. Lakini mwanawe alikuwa amemlilia kama mgeni, na jambo lile lilihitaji mtu wa kubebeshwa. Asubuhi alikwenda kwa Mama Sele, nami nyuma yake. Sikufukuzwa, na safari hii sikuhitaji hata blanketi. Mama Sele alisikiliza akiwa ameshika shavu. Akasema, "Mama Aika, mimi sisemi kitu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mtu hana mtoto, mume kafa, halafu mwanao anakonda. Mimi sisemi kitu." Alipomaliza kutosema kitu, nyumba nzima ilikuwa imeshajua.

Yalimalizikia uani, adhuhuri, wanawake wote wapo na masufuria yao. Bi Tatu alitoka chumbani amejifunga kanga ya kubebea mtoto, kama kila siku, akaja mlangoni kwetu. Mama akamsimamisha hapohapo.

"Bi Tatu, ahsante kwa yote. Kuanzia leo mwanangu usimshike."

Bi Tatu alidhani ni mzaha. Alicheka kidogo, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. "Kwani nimefanya nini, Mama Aika?"

"Ulikuwa unamnyonya nini mwanangu puani?"

"Kamasi. Alikuwa na mafua. We mama, si unaona mtoto alivyo? Tumekwenda mpaka zahanati." Sauti yake nzito ilianza kupanda. "Muulize Aika. Aika alikuwepo, alinishikia kopo. Aika, mwanangu, hebu waambie."

Wote wakanigeukia. Nakumbuka jua lilivyokuwa kali na harufu ya maharage yanayoungua kwa Mama Sele kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyaangalia. Nilimtazama Bi Tatu. Alikuwa ananiangalia kwa utulivu wa mtu ambaye shahidi wake amefika. Nilitaka kusema. Nataka mniamini kwamba neno lilifika kooni. Lakini niliona kwa jicho la pembeni mlango wa chumba chetu uko wazi, na begi la bluu limerudishwa juu ya kabati, na nikajua kwamba nikisema, litashuka.

Nikasema, "Sijui."

 Uso wa Bi Tatu haukukasirika, ningependa ungekasirika. Alifungua ile kanga kiunoni, akaikunja taratibu mara mbili, mara nne, akaingia chumbani kwake. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema Mama Sele nyuma yake, kwa sauti ya kusikika, kisha akakimbilia maharage yake.

Hakuna aliyemfukuza. Watu wa Kariakoo walikuwa na njia nyepesi kuliko hiyo: waliacha kula vitumbua vyake. Asubuhi ya kwanza alibakiwa na nusu, ya tatu akabakiwa na vyote. Mama Sele alikuwa akisimama mlangoni na kumwita pembeni kila mteja, na mteja anaondoka na sahani tupu. Bi Tatu alikaa kwenye kigoda nyuma ya karai lake mpaka jua likampiga, akipepea moto usio na kazi. Kila nilipopita kwenda shule nilimsalimia, "Shikamoo Bi Tatu," naye hakuacha hata siku moja kunijibu, "Marahaba." Baada ya wiki mbili ulikuja mkokoteni. Ukapakiwa kitanda, kabati, karai na magunia mawili, na Bi Tatu akaufuata kwa miguu kwenda Magomeni kwa kaka yake. Mama alikuwa dukani. Mimi nilisimama ukumbini na Godi kiunoni, na Godi alimpungia mkono, maana Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupunga.

Mama alikaa. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Mwezi mzima alikuwa akirudi jioni, anapika, ananisuka, ananiuliza habari za shule. Godi alimzoea, kama Bi Tatu alivyosema. Nilijiona nimeshinda, na ushindi ulikuwa na ladha ya ndizi za nyama za Jumapili. Halafu fremu ikaanza kuwa na mashimo kwenye rafu, wenzake wakaanza kupita jioni kuzungumza kwa sauti za chini, na siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta begi la bluu limeshuka.

Nilimwuliza atatuacha na nani. Ndilo lilikuwa swali lake mwenyewe. Nilikuwa nimelitegemea lile swali kama mtu anavyotegemea ukuta.

"Na Mama Sele," alisema. "Na wewe si umeshakuwa mkubwa?"

Kumbe mama angetuacha na mtu yeyote. Kumbe ulikuwa msemo tu, maneno ya kumsifu jirani wakati wa kusukwa nywele, na mimi nilikuwa nimeyachukua kama sheria. Bi Tatu hakuwa mlango wowote. Alikuwa tu mtu mmoja katika mji ule mzima aliyetupenda bila kutumwa, na nilikuwa nimemwondoa kwa mkono wangu. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda hajui alichokula.

Mama Sele alitupa chakula, siwezi kumsingizia. Alitupa na kugeuka. Siku ya tatu Godi akashikwa na mafua tena. Pua ikaziba, chupa akaisukuma, usiku akashtuka na kukoroma, na Mama Sele akasema kwa kupitia ukutani kwamba mtoto wa mafua ni wa kuvumilia. Nilijaribu kumpangusa kwa kitambaa, nikamchubua. Nilimpaka kifuani ile dawa ya kikopo chekundu ya Wachina iliyokuwa imejaa madukani, akalia zaidi, macho yakamtoka machozi. Siku ya pili ya mafua, jioni, alikuwa amechoka kiasi kwamba hakulia tena, alikuwa anahema tu mdomo wazi, midomo imekauka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamfunga mgongoni kwa kanga ya mama, nikatoka bila kuaga.

Kutoka Kariakoo mpaka Magomeni si mbali kwa mtu mzima. Nilishuka bonde la Jangwani, matope ya mvua ya juzi yakinivua ndara, nikapanda upande wa pili, nikauliza kwa kila genge nyumba ya kaka yake Bi Tatu mchoma vitumbua, mpaka mwanamke mmoja akanionyesha. Alikuwa amekaa barazani anachambua choroko. Alituona tangu mbali. Alisimama, na miguu yake ikapiga hatua mbili kuja kwetu, kisha ikasimama.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Godi ana mafua. Hawezi kunywa."

"Kamwambie mama yako mtoto ana mafua."

"Mama kasafiri."

Alifumba macho kidogo. Nikamshusha Godi mgongoni, na Godi alipomwona akanyoosha mikono yote miwili, akatoa sauti kavu ya kumwita. Nikamsogeza kwake. Bi Tatu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaficha mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu.

"Msimshikishe mtu mtoto wenu," alisema. "Kaa hapo."

Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji ya vuguvugu ya chumvi na kopo la majivu, akaviweka chini mbele yangu kwa mbali, kisha akarudi ukutani. Wifi yake alitoka kutazama. Majirani wawili wakasimama. Bi Tatu hakupunguza sauti.

"Kichwa mkono wa kushoto. Kiinue kidogo, asipaliwe. Chovya kidole, tonesha. Moja. Lingine. Sasa subiri. Nimesema subiri, usiwe na pupa. Haya, inama. Mdomo wako uzibe pua yake yote. Vuta. Siyo hivyo, unavuta kama unanyonya embe, utamuumiza. Polepole. Tema. Usimeze, tema. Sukutua. Tena."

Nilivuta. Ilikuja ya chumvi, nzito, ya uvuguvugu, nikatema kwenye majivu nikalia huku nasukutua. "Tena," alisema. Nikarudia. Alikuwa amesimama pale, macho hayatoki kwenye uso wa Godi, na kila nilipoinama nilisikia na yeye anavuta pumzi pamoja na mimi. Mara ya nne Godi alivuta hewa kwa pua, ndefu, mpaka kifua kikapanda. Nikampa chupa niliyokuja nayo. Akainywa yote bila kupumzika, macho yake yanamtafuta Bi Tatu pembeni ya chupa.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jangwani. Nilifungua mdomo nikasema, "Bi Tatu, siku ile mimi..."

"Mfunge vizuri, kunaingia giza," alinikata. Alingoja nimpandishe Godi mgongoni mwenyewe, nikihangaika na kanga, mara ya kwanza ikaachia, na mikono yake ikatoka nyuma yake na kusimama hewani, kisha ikarudi. Nilipomaliza kufunga fundo, aliwageukia wifi yake na wale majirani, mmoja baada ya mwingine, halafu mimi.

"Mmeona nyote," alisema. "Sikumgusa. Aika, ukifika, kawaambie sikumgusa."